Jibu la mtaalamu: Mvua zimebadilika, nianze na hifadhi ipi shambani?

Swali la msomaji, kwa kifupi, ni hili: ana shamba la ekari mbili lililo kwenye mteremko wa wastani, lenye udongo wa tifutifu kichanga, analolima mahindi na mikunde kwa kutegemea mvua. Katika miaka ya karibuni mvua huchelewa, kisha hunyesha kwa nguvu na kusomba udongo, halafu hukatika kwa wiki mbili au tatu wakati mahindi yanapochanua. Amesikia habari za matuta ya kontua (yanayokata mteremko kwa usawa, kimo kilekile tangu mwanzo hadi mwisho), matandazo, kilimo cha bila kutifua, mashimo ya kupandia na miti shambani, lakini wafanyakazi ni yeye na mwenzake tu, na baada ya mavuno mifugo huingia na kula mabua yote. Anauliza aanze na lipi, na atajuaje kama juhudi zake zimefaa.

Ndugu msomaji, kati ya mambo uliyoyataja hakuna baya hata moja, lakini mpangilio wake una uzito kuliko orodha yenyewe, kwa sababu baadhi ya mbinu hizi hushindwa zikitangulia nyingine. Kwa shamba kama lako ningeanza kwa kuzuia maji yanayoingia kutoka nje ya shamba, kisha ningeweka mistari ya kontua, kisha ningetafuta namna ya kuufunika udongo, na suala la kupunguza kutifua ningeliacha mwisho. Mashimo na miti vina nafasi yake, nami nitaieleza, ila havistahili kukumalizia nguvu katika mwaka wa kwanza.

Kwanza tuelewe kinachobadilika. Kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke wa maji huongezeka kwa takriban asilimia 7. Hewa hiyo ikishiba huachilia maji mengi kwa mara moja, na isiposhiba huendelea kuyanyonya kutoka kwenye udongo na majani kwa kasi kubwa kuliko zamani. Ndiyo maana mkulima anaweza kupata jumla ileile ya mvua kwa msimu na bado akavuna kidogo, kwa kuwa maji yamekuja kwa vishindo vichache vyenye nafasi ndefu kati yake. Kazi ya hifadhi ya udongo katika hali hii ni kuyahamisha maji ya siku ya mvua kubwa hadi siku ya kumi na tano ya jua kali, na ghala pekee ulilo nalo la kufanyia kazi hiyo ni udongo ulio chini ya mimea yako.

Hebu tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 40 kwenye ekari mbili ni karibu lita 320,000. Theluthi moja ikitiririka na kutoka shambani umepoteza zaidi ya lita 100,000 kwa mvua moja tu, yaani milimita 13 hivi. Mahindi yanayochanua katika hali ya joto hutumia takriban milimita 5 hadi 6 kwa siku, na maana yake ni kwamba mvua hiyo moja imekuibia zaidi ya siku mbili za uhai wa zao katika kipindi kile kile cha ukame unachokilalamikia. Upande wa pili wa hesabu ni kina cha mizizi. Udongo wa tifutifu kichanga huweza kushika takriban milimita 100 za maji yanayofaa kwa mmea katika kila mita moja ya kina. Mizizi ikiishia sentimita 20, mmea una akiba ya milimita 20 tu, ambazo huisha kwa siku nne. Ikifika sentimita 80, akiba hiyo inakaribia wiki mbili. Kwa hiyo una maswali mawili ya kujibu shambani kwako: maji yanaingia ardhini kiasi gani, na mizizi inayafuata hadi wapi?

Maswali hayo hayajibiwi ukiwa umekaa ndani. Chukua madonge matatu au manne ya udongo mkavu wa juu, yenye ukubwa wa yai, kutoka sehemu mbalimbali za shamba, na mengine kutoka ukingoni ambako hapajalimwa kwa miaka mingi. Yaweke taratibu kwenye wavu au kitambaa chepesi kilichofungwa mdomoni mwa chombo cha maji kinachoonyesha ndani, ili donge lizame bila kuguswa. Donge la udongo wenye afya hubaki zima kwa dakika kadhaa na maji hubaki karibu meupe, ilhali donge la udongo uliochoka hupasuka na kumwagika kama tope kabla hujaondoka. Kinachotokea kwenye chombo hicho ndicho kinachotokea juu ya shamba: tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde, huvunja chembe za udongo ulio wazi, na vumbi lake laini huziba vitundu na kufanya utando mgumu ambao maji yanayofuata hayawezi kuupenya.

Baada ya hapo chimba shimo la sentimita 60 kando ya shina la zao lililokomaa, ukikata upande mmoja wima kama ukuta, na ulisafishe kwa ncha ya kisu. Tazama mizizi. Ikiwa imeshuka vizuri kisha, kwenye sentimita 12 hadi 20, ikageuka na kutambaa kulala, umelikuta tabaka gumu lililotengenezwa na jembe au plau iliyopita kina kilekile mwaka baada ya mwaka. Wakulima wengi huambiwa udongo wao hauna rutuba, kumbe mimea yao inaishi kwenye sakafu ya sentimita 15. Jambo la tatu ni kutoka nje wakati mvua kubwa inanyesha, ukiwa umejikinga na radi, na kufuata maji kwa macho: yanaingilia wapi, yanakusanyika wapi, yanatokea wapi. Dakika 20 za kutembea hivyo zitakufundisha mengi ambayo mchoro wa mtaalamu aliyekuja siku ya jua hauwezi kukupa.

Mara nyingi utagundua kwamba maji yanayokuumiza si yako. Yanatoka barabarani, kwenye uwanja uliokanyagwa, au kwenye shamba la juu, na yanaingia kwako yakiwa tayari na kasi. Hakuna tuta wala matandazo yatakayostahimili maji hayo, kwa hiyo mfereji wa kuchepushia maji, unaochimbwa ukingo wa juu wa shamba, ndio kazi ya kwanza. Mfereji huu haukai usawa kamili. Hupewa mwinamo mdogo wa karibu sentimita 50 kwa kila mita 100 ili maji yatembee bila kukimbia. Jambo linalosahaulika ni mwisho wake. Ukiyamwaga maji mahali pasipo na nyasi umechimba chanzo cha korongo, na kama mahali hapo ni kwa jirani umechimba pia chanzo cha ugomvi. Yapeleke kwenye njia pana ya maji iliyoota nyasi, kwenye kichaka, au kwenye bwawa dogo, na upande nyasi hizo msimu mmoja kabla ya kuuelekeza mfereji huko. Zungumza na majirani wa chini kabla ya kushika sururu.

Maji ya nje yakidhibitiwa, ndipo tunakuja kwenye mistari ya kontua. Huhitaji mpimaji. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 2 kila moja, zipigilie msumari kwenye ncha za juu, tanua miguu yake, kisha uziunganishe kwa fito fupi inayokatiza katikati ili upate umbo la herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza jiwe kwa kamba, iwe timazi inayopita mbele ya ile fito ya katikati. Simamisha kifaa juu ya vigingi viwili na uweke alama pale kamba inapogusa fito. Kisha kigeuze, mguu wa kushoto ukae palipokuwa na wa kulia, uweke alama ya pili. Nusu ya umbali kati ya alama hizo ndiyo alama ya usawa, hata kama miguu yako haikulingana urefu. Anza ukingoni mwa shamba, tafuta usawa kwa kuusogeza mguu wa mbele juu au chini hadi kamba itulie kwenye alama, piga kigingi, na uendelee. Ifanye kazi hii asubuhi kabla ya upepo, kwa kuwa upepo hupeperusha kamba na kukupa mstari wa uongo. Ukimaliza, rudi nyuma uitazame mistari kwa mbali, na kigingi chochote kilichojitokeza mno usisite kukisogeza kidogo ili mkunjo uwe laini.

Umbali kati ya mistari hutegemea mwinuko. Upime kwa kamba ya mita 10 na pimamaji: tofauti ya kimo ikiwa sentimita 80, mteremko wako ni asilimia 8. Kanuni inayotumiwa sana na maofisa ugani wa Afrika Mashariki hutoa karibu mita 20 kwa mteremko wa asilimia 5, mita 15 kwa asilimia 8, na mita 11 na nusu kwa asilimia 15.

Sasa, uweke nini kwenye mistari hiyo? Matuta ya fanya juu, yaliyoenea sana Machakos nchini Kenya kuanzia miaka ya 1950, huchimbwa kwa kurusha udongo upande wa juu wa mtaro, na kadiri miaka inavyopita udongo unaoshuka hujaa nyuma ya tuta hadi shamba lenyewe linageuka kuwa ngazi. Ni mbinu nzuri mno, lakini piga hesabu kabla ya kuishangilia. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 una mita za ujazo 36 katika kila mita 100, ambazo ni karibu tani 50 za udongo. Kwa ekari mbili zenye mistari ya kila mita 15 mnahitaji takriban mita 540 za mtaro, yaani zaidi ya mita za ujazo 190, nanyi ni watu wawili. Ushauri wangu ni kuchimba mtaro mmoja au miwili pale ulipoona maji yanakusanyika kasi, na mistari iliyobaki kuipanda nyasi kwa safu mbili zenye jumla ya upana wa nusu mita hadi mita moja. Nyasi huchuja udongo, udongo hukusanyika nyuma yake, na ngazi hujengeka polepole bila mgongo wako kuvunjika.

Kwa aina ya nyasi, vetiva ina mizizi inayoshuka wima mita 2 na zaidi, haisambai shambani, na mifugo huipenda kidogo ikishakomaa, kwa hiyo hudumu. Matete na brakiaria hukupa malisho, na nitaeleza hivi punde kwa nini jambo hilo lina maana kubwa kwako, ijapokuwa matete hunyang'anya maji na rutuba kutoka kwenye safu moja au mbili za mahindi yaliyo jirani na lazima yakatwe mara kwa mara.

Ninasisitiza upimaji wa nguvu na udongo kwa sababu historia imeshaonyesha gharama ya kuupuuza. Katika milima ya Uluguru huko Tanganyika, serikali ya kikoloni ililazimisha wakulima katika miaka ya 1950 kuchimba matuta ya ngazi kwenye udongo ambao tabaka lake lenye rutuba lilikuwa jembamba. Uchimbaji ule uliufunua udongo wa chini usiootesha kitu, kazi ilikuwa nzito, na mwaka 1955 kukazuka ghasia zilizoufuta mpango wote. Wakati huohuo Wamatengo wa Mbinga walikuwa na wana hadi leo mfumo wa ngoro, ambao hulaza nyasi zilizokatwa kwa mistari inayopishana, huzifukia kwa udongo na kuacha mashimo katikati. Umetumika kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya karne moja, kwa kuwa uliutunza udongo wa juu badala ya kuuzika. Kwa hiyo unapochimba, tenga udongo mweusi wa juu na uurudishe juu.

Kati ya mistari hiyo, lima na panda kwa kufuata kontua, hata kama desturi ya shamba lako ilikuwa kupanda kuelekea bondeni. Kwenye udongo wako unaweza pia kuyafunga matuta ya kupandia kwa vizuizi vidogo kila baada ya mita moja hadi mbili, ili kila kisehemu kishike maji yake. Hakikisha vizuizi hivyo ni vifupi kuliko tuta lenyewe: maji yakizidi yamwagikie kwenye kisehemu kinachofuata, yasije yakalipasua tuta na kushuka kwa pamoja. Kama sehemu ya shamba ina udongo wa mfinyanzi mzito unaotuamisha maji, usifunge matuta huko. Pape mwinamo mdogo maji yatoke.

Kufunika udongo ndiko kunakoleta mabadiliko makubwa zaidi kwa shamba lisilo na mteremko mkali, na ndiko kulikokushinda kwa sababu ya mifugo. Kipimo kinachotumiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni angalau asilimia 30 ya ardhi kuwa imefunikwa baada ya kupanda, na kiwango hicho, ingawa kinaonekana kidogo, hupunguza mmomonyoko kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na udongo mtupu. Ili kupima, tandaza kamba yenye mafundo 100 kwa mshazari wa shamba, na uhesabu mafundo mangapi yamelala moja kwa moja juu ya bua au jani.

Kuhusu mifugo, sikushauri kuanza na ua wala ugomvi. Mabua huliwa kwa sababu hakuna kitu kingine cha kula katika miezi ya kiangazi. Nyasi za kontua zikikatwa na kupewa mifugo, iwe yako au ya jirani kwa makubaliano, unayo hoja ya kuomba nusu ya mabua ibaki. Njia nyingine ni kuvunia juu, ukiacha visiki vya mabua vya sentimita 30 au 40 vilivyosimama, ambavyo ng'ombe hawavimalizi na ambavyo huvunja kasi ya upepo na maji. Njia ya tatu ni kuchanganya mahindi na zao linalotambaa au linalochelewa kukomaa. Mbaazi hubaki kijani baada ya mahindi kuvunwa, hudondosha majani mengi yanayooza upesi, na mzizi wake mkuu hupenya mahali ambapo mahindi hayafiki. Hata hivyo mmea wa kufunika nao hunywa maji. Katika msimu mfupi wa mvua chache, zao funika lililopandwa mapema mno hushindana na zao lako la chakula, kwa hiyo lipande mahindi yakishafika magotini.

Mabua makavu ya nafaka yana kaboni nyingi mno ikilinganishwa na naitrojeni, takriban sehemu 60 au zaidi kwa 1, na vijidudu vinavyoyaozesha huazima naitrojeni ya udongo. Ukiyafukia karibu na wakati wa kupanda utaona mahindi machanga yakigeuka manjano. Yakiachwa juu ya ardhi athari hiyo hupungua sana. Mkulima anayeona rangi hiyo mara nyingi huhitimisha kwamba matandazo yameharibu shamba, akayachoma. Ilitosha kuweka samadi iliyoiva au mbolea kidogo ya naitrojeni karibu na mche. Mchwa nao watakuja. Wengi wao wanapenda vitu vikavu kuliko mmea ulio hai, na vishimo vyao huongeza njia za maji kuingia ardhini.

Sasa tufike kwenye kuacha kutifua, jambo lililopata wahubiri wengi. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 610 kutoka nchi 63, na matokeo yake yangepaswa kusomwa na kila anayeshauri wakulima: kuacha kutifua peke yake hupunguza mavuno kwa wastani, lakini kukiunganishwa na kubakiza mabaki na kubadilisha mazao, athari hiyo hupungua sana, na katika maeneo makavu yanayotegemea mvua mavuno huongezeka kwa takriban asilimia 7. Sababu haifichiki. Udongo usiotifuliwa na usiofunikwa hufanya utando juu, nawe umeacha kuuvunja kwa jembe bila kuweka kitu cha kuuzuia usijengeke. Kwa hiyo hadi utakapoweza kubakiza lile funiko la asilimia 30, endelea kutifua kwa kiasi na kwa kufuata kontua.

Ukilikuta tabaka gumu katika lile shimo, livunje mara moja kabla ya kufikiria kuacha kutifua. Kazi hii hufanywa udongo ukiwa mkavu, kwa kuwa hapo hupasuka. Ukiwa na unyevu chuma hupita na kuacha mfereji laini tu. Anayelima kwa ng'ombe au trekta atumie ripa, kifaa cha kupasua udongo bila kuupindua, yenye jino la sentimita 25 hadi 30. Wewe mwenye sururu usihangaike na shamba zima: vunja mistari ya kupandia pekee, kila baada ya sentimita 75 hadi 90, weka samadi humo, na msimu ujao panda kwenye mistari ileile bila kuikanyaga.

Kuna gharama moja ambayo machapisho mengi huitaja kwa aibu. Ukipunguza kutifua, magugu huongezeka katika misimu miwili au mitatu ya mwanzo, na palizi katika familia nyingi ni kazi ya wanawake na watoto, wakati kazi iliyopunguzwa, ile ya plau, ilikuwa ya wanaume. Kabla ya kuamua, kaeni nyumbani mkubaliane nani atapalilia na mara ngapi. Viuagugu vipo, lakini vinahitaji vifaa vya kujikinga na vipimo sahihi, na mkulima asiye na viwili hivyo nisingemshauri avitegemee.

Mashimo ya kupandia, yale yanayoitwa zai, ni dawa ya ardhi iliyokufa. Yacouba Sawadogo, mkulima wa kaskazini mwa Burkina Faso, aliyaboresha kuanzia mapema miaka ya 1980 kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama saruji, akayajaza samadi kabla ya mvua ili mchwa wayatoboe, na sehemu ya ardhi hiyo ikageuka kuwa msitu. Alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Shimo moja huwa na upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha 10 hadi 20, na hekta moja huhitaji maelfu ya mashimo. Kwa hiyo yatumie kwenye kipande chako kilichokuwa kipara tu, pale ambapo hata magugu hayaoti, na uongeze robo ya hapo kila kiangazi. Kwenye udongo wako wa kawaida mashimo hayatakulipa kazi yake.

Kuhusu miti, usikimbilie kununua miche. Tembea shambani uangalie visiki vinavyochipua kila mwaka na ambavyo umekuwa ukivifyeka. Mwaka 1983, katika eneo la Maradi nchini Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliona kwamba mizizi hai ilikuwa tayari chini ya ardhi na kwamba kinachotakiwa ni kuchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kila kisiki, kupogoa matawi ya chini na kuyalinda. Mbinu hiyo imerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5 nchini humo. Ukibahatika kuwa na Faidherbia albida, mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuchanua wakati wa kiangazi, uache katikati ya mahindi bila hofu ya kivuli. Miti yenye kiu, hasa mikalitusi, ikae mbali kabisa na shamba.

Kwa mbegu sina mengi: panda aina mbili zenye muda tofauti wa kukomaa, ili ukame wa wiki tatu usizikute zote zikichanua kwa pamoja. Mboji na samadi uziendeleze, ila usiamini kwamba zinaugeuza udongo kuwa sifongo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kuongeza asilimia 1 nzima ya kaboni ogania, yaani kaboni itokanayo na mabaki ya mimea na viumbe, kazi ya miaka mingi, huongeza wastani wa milimita 1 hivi tu ya maji yanayofaa katika kila sentimita 10 za udongo. Faida yake kubwa ni kuyafanya yale madonge yasipasuke, maji yaingie, na rutuba isiondoke.

Mwisho, umeuliza utajuaje kama imefaa. Acha kipande cha upana wa mita 10, kutoka juu hadi chini ya shamba, ukilime kwa namna ya zamani, mbegu na mbolea zikiwa zilezile. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka wima mahali pa wazi, upime kwa rula kila asubuhi baada ya mvua, na uandike. Siku moja baada ya kila mvua kubwa chimba kwa koleo pande zote mbili, sehemu ya juu, katikati na chini, upime udongo umelowa hadi sentimita ngapi. Fanya hivyo tena siku ya kumi ya jua. Vuna vipande hivyo kando kando na upime uzito wake. Ukiona unyevu umeshuka zaidi upande uliohifadhiwa lakini mavuno hayatofautiani baada ya misimu miwili, basi kilichokuwa kikikwamisha zao lako si maji pekee. Hapo peleka sampuli ya udongo ipimwe tindikali na fosforasi kabla ya kuchimba mtaro mwingine.